Kiota na Ngitili



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo amri ndogo ambayo wengi wetu huipita haraka. Mtu akikuta kiota, na ndege amewalalia makinda, ana ruhusa ya kuwachukua makinda. Mama hana budi kumwacha aende zake. Amri hii haimnyimi mwenye njaa chakula. Inamkataza kula leo kile ambacho chakula cha kesho hutoka kwacho.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wake. Wasukuma wa Shinyanga wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, nyasi zipate kukua na kukomaa. Kiangazi kikikaza hufunguliwa, kipande baada ya kipande, kwa ndama, kwa wanyama waliodhoofika na kwa maksai wa kulimia. Mara nyingi hapana ukuta wala senyenge; lipo neno la wazee, na aibu ya kulivunja.

Desturi hiyo ilikaribia kutoweka. Katika miongo ya utawala wa Waingereza vichaka vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha pamba ikadai mashamba. Na kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 kuliwatenga wengi na ngitili zao. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Nayo miti mingi haikupandwa na mtu. Mizizi ilikuwa hai ardhini, ikingoja kuachwa. Sisi tupendao sherehe za kupanda miti, pamoja na hotuba zake ndefu, tungefaa kukiheshimu zaidi kisiki kinachochipua.

Hata hivyo, tusiisifu ngitili kupita kiasi. Kuacha ni rahisi kwa mwenye akiba. Aliyekuwa na ng'ombe wengi aliweza kufunga eneo kubwa; asiye na mifugo wala ardhi alibaki nje, ilhali kuni, uyoga na dawa za miti vimo ndani. Tukimwita mwizi mjane anayeingia kuokota tawi kavu, tumehifadhi nini, na kwa ajili ya nani? Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikataa kabisa kutenganisha majeraha ya ardhi na dhiki ya maskini. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kilikwisha kutangulia: shamba lipumzike mwaka wa saba, na kinachoota chenyewe kiwe cha maskini, kisha cha wanyama wa porini. Pumziko la ardhi halikuwekwa ili kumnenepesha mwenye shamba.

Basi dagashida, yaani baraza la jadi, linapokaa kupanga mahali pa kufunga na faini ya kutozwa, lipange pia siku ambayo wasio na kitu wataingia bila hofu. Nasi wenye ardhi za parokia tusingoje kuambiwa: siku ya kuokota kuni itangazwe kanisani, pamoja na ratiba ya Misa.