Ulinzi wa Hesabu za Chama katika Kompyuta
(Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi)



Vyama vingi sasa huweka daftari la mkulima ndani ya kompyuta. Kulinda kompyuta hiyo ni kulinda jasho lake.

Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150. Ilipita katika mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikafunga majalada, kisha ikadai dola 300 ili yafunguliwe. Huko Uingereza hospitali kadhaa zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. La kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikwisha kutoa sahihisho la kuziba ufa huo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wengi hawakuliweka.

Sisi tufanyeje? Kwanza, masahihisho ya programu yawekwe mara yanapotolewa. Pili, nakala ya hesabu za chama itunzwe mahali pengine, isiunganishwe na mtandao, na kila mara ijaribiwe kama inasomeka. Tatu, hitilafu ikitokea, katibu aitenge kwanza kompyuta hiyo na mtandao, kisha aiarifu kamati na fundi bila kuona haya. Hitilafu inayofichwa huenea.

Mkulima ajapo kuuliza malipo yake, hatuwezi kumjibu kwamba daftari limefungwa na wezi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.