Kipimajoto Ndani ya Friji ya Nyumbani

Mji wa Kisangani hupata umeme kutoka kituo cha Mto Tshopo. Umeme ukikatika, familia yenye insulini ndani ya friji huingiwa na wasiwasi. Kabla ya kufunguliwa, dawa hiyo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikiganda, haifai tena.

Ili kufuatilia joto la friji, hutumika kihisi cha DS18B20, kinachopima joto kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu yake. Kikiwa hakina nyaya, fundi hulehemu nyaya nyembamba kwenye miguu yake mitatu, kisha huifunika kwa mpira usiopitisha maji.

Ukuta wa friji usitobolewe kamwe ili kupitisha nyaya: mabomba ya gesi yamefichwa humo.

Waya bapa upitishwe kwenye mpira wa mlango. Ncha ya kihisi izamishwe katika kichupa cha maji kando ya dawa, ili mlango ukifunguliwa, hewa ya nje isivuruge kipimo.