Dhamana ni Mtu: Uhuru, Pesa na Rumande Jijini Nairobi



Nianze na neno moja: dhamana. Lilitujia kutoka Kiarabu, na pwani yetu ililipokea kwa maana ya mtu anayejitokeza mbele ya watu na kusema, huyu akikosa, nitafuteni mimi. Ndiyo maana tuna mdhamini, na ndiyo maana mwenye cheo huambiwa amepewa dhamana. Lakini ukilitamka leo kwenye korido za mahakama ya Milimani au ya Kibera, watu husikia bei. "Amepewa dhamana ya elfu hamsini." Mtu ametolewa ndani ya neno, na pesa zimekaa mahali pake. Jioni hii nataka kusema kwamba tulipokubali mabadiliko hayo tuliufanya umaskini kuwa kosa linalofungisha, na kwamba njia ya kurudi tunayo mikononi mwetu.

I. Waliokuja kumtaka mtu wao

Kutoka ukumbi huu hadi Kituo cha Polisi cha Central ni mwendo wa dakika chache. Machi 1922 Harry Thuku, aliyepinga kipande, pasi ya kikoloni, na kodi, alizuiliwa karibu na hapo. Tarehe 16 umati ulikusanyika kudai aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Walipigwa risasi, zaidi ya watu 20 wakafa, yeye akiwa mmoja wao. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni karibu miaka 9 bila kesi yake kusikilizwa.

Watu wale hawakuleta hati wala pesa. Walijileta wenyewe. Serikali ya kikoloni haikuwatambua kuwa wadhamini wa mtu yeyote, kwa sababu haikuwatambua kuwa wenye mji. Mwaka 1930 ilitupa Kanuni ya Adhabu ambayo, pamoja na marekebisho mengi, bado tunaitumia.

II. Sheria nzuri, karatasi ngumu

Katiba ya 2010 ilikata mzizi wa kumzuia mtu bila kesi. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiangukia siku au saa ambazo korti imefungwa. Kinampa haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, ila pakiwa na sababu nzito za kumzuia. Kinakataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake lina adhabu ya faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kabla ya hapo, aliyeshtakiwa kwa mauaji au wizi wa mabavu hakuwa na haki hata ya kuomba dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai nayo inasema dhamana isipite kiasi, na mwaka 2015 Idara ya Mahakama ilipata mwongozo wake wa dhamana na bondi.

Basi kwa nini, kwa miaka mingi, zaidi ya thuluthi moja ya wanaolala magerezani Kenya ni mahabusu ambao hakuna aliyewahi kuwahukumu?

Tuwaze watu wawili. Wamepigana kwenye baa moja, wakakamatwa usiku mmoja. Mmoja anaishi Lavington. Mwingine anaishi Kawangware, ukifuata Barabara ya Gitanga hadi mwisho wake. Hakimu anawapa masharti yaleyale: bondi ya shilingi 100,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, au 50,000 taslimu. Wa Lavington anapiga simu. Shemeji yake anafika na logbuku ya gari, na kabla ya jioni amerudi kwake.

Wa Kawangware anasukuma mkokoteni. Mkewe anazunguka mtaa mzima kutafuta mwenye hati ya shamba, logbuku au hati ya mshahara, na mtaa mzima ni wapangaji na vibarua. Watu wa kumwamini mumewe ni wengi mno. Wenye karatasi hawapo. Mume anapandishwa lori kwenda rumande ya Industrial Area. Kesi inatajwa baada ya wiki mbili: shahidi hajafika, inaahirishwa. Inatajwa tena: faili haionekani. Huko nyumbani kodi imelala na mlango umepigwa kufuli. Mwishowe mtu ndani ya seli anamnong'oneza kwamba akikiri atapewa kazi za kijamii na ataenda nyumbani. Anakiri. Daftari la korti litaandika kwamba ana hatia. Ukweli ni kwamba alikosa hati.

Ukaguzi wa mfumo wetu wa jinai uliotolewa mwaka 2017 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya kesi zilihusu makosa madogo: ulevi, kuchuuza bila leseni na mengine ya aina hiyo. Kanjo, askari wa jiji, anapomkamata mama muuza sukuma wiki, mashine hii nzima huanza kuzunguka kwa sababu ya karatasi ya leseni.

III. Kioo cha Marekani

Wenzetu Marekani waliifuata njia hii ya dhamana ya pesa hadi mwisho wake. Huko kuna kampuni zinazouza dhamana kwa faida, biashara ambayo nchi nyingine karibu zote zimeikataa. Takriban watu 7 kati ya 10 walio katika jela za kaunti hawajahukumiwa, na zaidi ya hukumu 9 kati ya 10 hutokana na mshtakiwa kukiri bila kesi kusikilizwa.

Mwaka 2010 kijana wa miaka 16, Kalief Browder, alikamatwa Bronx akidaiwa kuiba begi. Dhamana iliwekwa dola 3,000, na familia yake haikuwa nazo. Alikaa miaka mitatu katika jela ya kisiwa cha Rikers, sehemu kubwa akiwa peke yake chumbani, akikataa kukiri. Mashtaka yalifutwa mwaka 2013. Miaka miwili baadaye alijiua.

Lakini wapo waliogeuka. New Jersey iliacha kwa kiasi kikubwa kutegemea dhamana ya pesa kuanzia Januari 2017, na Illinois ikaifuta kabisa Septemba 2023. Jijini New York, ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha watu tarehe ya kufika kortini ulipunguza utoro kwa zaidi ya moja ya tano. Wengi waliokosa kufika hawakuwa wametoroka. Walikuwa wamesahau.

IV. Hofu ya aliyeumizwa

Najua kuna aliyeibiwa au kupigwa ambaye ananisikiliza na moyo wake unauliza: na mimi je? Hofu yake ni ya kweli, na Katiba imeipa nafasi: pakiwa na sababu nzito, hakimu amzuie mshtakiwa. Ila pesa hazimlindi aliyeumizwa. Mtu hatari mwenye pesa hulipa na kutoka saa ileile. Asiye hatari na asiye na pesa ndiye anayebaki ndani. Anayetaka usalama ampime mtu, asipime mfuko wake.

V. Tufanye nini

Kwanza, hakimu asitaje kiasi kabla ya kumuuliza mshtakiwa anaingiza shilingi ngapi kwa siku. Pili, kila kesi inapotajwa, hakimu asomewe majina ya waliopewa dhamana na bado wako ndani, ayapunguze masharti palepale. Tatu, makosa ya ufukara yaondolewe katika sheria zetu. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika huko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Nne, korti imkumbushe mshtakiwa tarehe yake kupitia simu ileile anayotumia kupokea M-Pesa.

La tano ndilo lililonileta hapa. Nenda soko la Kangemi. Mama muuza nyanya anakopa kwenye chama chake cha akiba bila hati ya shamba. Wenzake wanamdhamini, na asipolipa, wao watalipa. Katika SACCO zetu mwalimu hukopa mamia ya maelfu kwa saini za wenzake kazini. Nchi hii imejenga akiba zake juu ya mtu kusema, namjua huyu. Ikiwa neno la wanachama watano linatosha kutoa pesa, kwa nini lisitoshe kumrudisha mume wa mtu nyumbani asubiri kesi yake? Wakija chama, mwajiri, shehe au mchungaji pamoja na ripoti ya afisa wa probesheni, hakimu awapokee kama wadhamini kamili.

Mwaka 1922 watu walisimama hapo nje na kusema, huyu ni wetu, nao wakajibiwa kwa risasi. Hadi leo mke wa msukuma mkokoteni anasema maneno yaleyale kwenye kaunta ya korti, naye anaulizwa, hati iko wapi? Waheshimiwa mahakimu, kesho asubuhi mtakapoketi, tazameni nyuma ya kizimba. Aliyekuja kwa ajili ya mshtakiwa, akaacha kibarua chake na kulipa nauli ya matatu, ndiye dhamana.