Udokozi ni Jina la Jikoni



Kila aliyelelewa katika nyumba yenye watoto alilijua neno hili kabla ya kujua kusoma. Chungu kimeepuliwa, mama ametoka uani kidogo, na mtoto anafunua kifuniko, anamega kipande cha nyama kwa ncha za vidole, kisha anafunika kama palivyokuwa. Huko ndiko kudokoa: kumega kiasi ambacho mwenye chungu hataliona pengo. Akikamatwa mchuzi ungali mdomoni, huitwa mdokozi, hunyimwa nyama ya jioni, na kesi imekwisha. Hakuna mzazi mwenye busara amwitaye mwizi mtoto aliyekula chakula cha kwao.

Lakini neno hilo halikukaa jikoni. Limehamia maofisini, maghalani na katika stoo za shule. Karani akiondoka na bunda la karatasi, dereva akinyonya lita tano za petroli katika gari la idara, mtunza ghala akitoboa gunia la sukari na kuchota kilo mbili, watu husema, "Ni udokozi tu." Hiyo "tu" ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Mtu mzima wa miaka arobaini hugeuzwa mtoto mbele ya chungu, na Serikali hugeuzwa mama atakayekaripia kisha asahau.

Wapo wajibuo kwamba mali ya umma ni mali ya wote, kwa hiyo karani naye amekula cha kwao. Hoja hiyo ina utamu wake, ila haisimami. Mtoto ana fungu lake katika chungu kile. Alichokosa ni subira. Fungu la mwalimu katika boksi la chaki ni kuandika ubaoni, na fungu la mtoto wa mkulima ni kusoma kilichoandikwa. Chaki ikiuzwa dukani, mafungu yote mawili yamekwenda.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haina kosa liitwalo udokozi. Kuchukua mali ya mwingine kwa hila na pasipo haki ni wizi, iwe kalamu au trekta, na wizi wa mtumishi wa umma umewekewa kifungu chake. Hata hivyo sheria haikuwa kipofu. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1963 iliyoweka kima cha chini cha adhabu, yaani kifungo cha miaka 2 na viboko 24 kwa makosa kadhaa, ukiwamo wizi wa mtumishi wa umma, ilimwachia hakimu nafasi ya kupunguza: mkosaji awe wa mara ya kwanza, mali isizidi Shs. 100, na ziwepo sababu maalumu. Udogo wa mali ulipunguza adhabu. Jina la kosa lilibaki lile lile.

Mitaani mambo ni kinyume. Kijana aliyekwapua simu stendi hupigiwa ukelele wa "Mwizi!", na neno hilo moja huita mawe, marungu na tairi. Wako waliouawa kwa sababu ya kuku. Nani amewahi kusikia ukelele wa "Mdokozi!" ukikusanya umati? Basi uzito wa mali sio unaochagua jina. Anayechagua jina ni msemaji, naye humtazama kwanza mkosaji: ana viatu gani, anafanya kazi wapi, anajuana na nani. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, neno zito lilitafutwa kwa ajili ya makosa makubwa. Yule wa kilo mbili za sukari aliendelea na jina lake jepesi, na magunia yaliendelea kutobolewa.

Na katika makaratasi ya ofisi kuna neno laini kupita hata udokozi. Mkaguzi wa stoo akikuta maboksi sita ya chaki pale daftari linapoonyesha kumi, huandika: "upungufu wa maboksi manne". Katika maneno hayo hamna mtu kabisa. Hata mdokozi hayumo, kana kwamba chaki imeyeyuka kwa joto. Mwandishi wa taarifa hiyo ana nafasi ya kuongeza mstari mmoja: siku zile ufunguo ulikuwa kwa nani.