Amana ya Mtoto Katika Jengo la Kuazima

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi, maimamu na walimu wa madrasa wa Bukoba na Muleba)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani.

Shule zinapofungwa, vijana wetu hukusanywa katika makambi ya likizo ili wasome dini yao. Hilo ni jambo jema. Lakini madrasa zetu nyingi hazina mabweni wala kumbi za kutosha, hivyo hutulazimu kuomba majengo ya shule na vyuo. Mwenye jengo anapotutaka tumpe majina ya walimu watakaolala na watoto, au atuulize nani atawasimamia usiku, baadhi yetu hukunja uso. Husema: "Sisi ni watu wa msikitini, vipi tuhojiwe kama wezi?" Tunataka kulijibu swali hilo.

Turejee katika Surat Yusuf. Ndugu zake Yusuf (a.s.) walipomwomba baba yao awaruhusu kwenda naye, waliahidi kwamba watamlinda. Tunajua yaliyomfika kisimani. Baadaye walipotaka kwenda na ndugu yake mdogo, Nabii Yaqub (a.s.) hakutosheka na neno lao. Aliwataka kwanza wampe ahadi nzito kwa jina la Allah kwamba watamrudisha. Hao walikuwa wanawe wa kuwazaa, naye ni Mtume wa Allah mwenye kutawakali kuliko sisi. Ikiwa Yaqub aliweka sharti kwa wanawe mwenyewe, basi mwenye ukumbi anayetuwekea sharti hajatutukana. Dhana njema ni haki ya Muislamu, lakini haiondoi wajibu wa kuhifadhi amana.

Wala jambo hili si geni kwa wanazuoni wetu. Muhammad bin Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), aliandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu. Humo alimwekea mwalimu mipaka ya adhabu, akamkataza kuwatuma watoto katika haja zake binafsi. Yaani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwalimu wa Qur'ani alikuwa na masharti juu yake, na hakuna aliyeona kwamba heshima yake imeshushwa.

Ndugu zetu, tazameni yaliyotokea Marekani katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Kocha mmoja mashuhuri wa chuo hicho, Jerry Sandusky, alianzisha mwaka 1977 taasisi ya kuwasaidia watoto wenye shida. Alistaafu mwaka 1999, lakini milango ya chuo ilibaki wazi kwake, naye akiwaingiza watoto humo. Mwaka 2001 alionwa bafuni na mtoto wa kiume. Habari ikawafikia wakubwa wa chuo, nao hawakuipeleka kwa vyombo vya dola. Alikamatwa mwaka 2011, na mwaka 2012 akatiwa hatiani kwa makosa 45 dhidi ya watoto 10, akahukumiwa kifungo kisichopungua miaka 30. Baada ya hapo vyuo vingi vya huko viliweka masharti kwa kila kikundi cha nje kinacholeta watoto. Waliolinda jina la chuo waliwapoteza watoto, na jina nalo halikusalimika.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya huko. Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Wasichana takriban 3 katika kila 10, na wavulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Na hatari si hiyo pekee. Hapa Kagera, Septemba 2020, moto ulizuka katika bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, wakafariki wanafunzi 10. Tunamwomba Allah awarehemu na awape subira wazazi wao. Msiba ule uwe funzo kwa kila anayelaza watoto wa watu chini ya paa moja.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea ufunguo wa jengo lolote, tunausia haya:

1. Kila mtu mzima atakayekaa na watoto ajulikane kwa jina, makazi na kazi yake, na imamu wa alikotoka aulizwe habari zake.

2. Asiwepo mtu mzima faraghani na mtoto mmoja, awe mwalimu, mpishi au mlinzi. Darasa la mtu mmoja lifanyike mlango ukiwa wazi.

3. Wavulana na wasichana walale majengo mbalimbali, na watu wazima wasilale kitanda kimoja na watoto.

4. Milango ya bweni isifungwe kwa kufuli kutoka nje, na watoto waoneshwe njia ya kutokea usiku wa kwanza.

5. Mzazi aandike idhini, namba yake ya simu, na jina la atakayemchukua mtoto. Asiyeandikwa asikabidhiwe.

6. Watoto wanaotoka visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, wasipande chombo kisicho na majaketi okozi ya kuwatosha wote. Ajali ya MV Bukoba ya mwaka 1996 hatujaisahau.

Na mtoto akilalamika, asikilizwe. Jambo lisimalizwe kwa kikao cha wazee na mbuzi wa suluhu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na simu ya watoto namba 116. Kumsitiri Muislamu aliyeteleza katika nafsi yake ni jambo jema. Kumsitiri anayeendelea kudhuru watoto ni kushiriki katika dhuluma.

Nanyi wazazi, ulizeni. Mwalimu mwema hataudhika kwa kuulizwa, na anayekasirika kwa swali dogo hivyo, bora mtoto abaki nyumbani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Jengo ni la kuazima, lakini suala la Siku ya Kiyama halina wa kuazimwa.

Tunamwomba Allah (s.w.) awahifadhi watoto wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutekeleza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.