KIBARUA WA MIAKA MITATU SI KIBARUA
Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wafanyakazi wengine, Kitengela

Ndugu wanachama, pamoja na ninyi ndugu ambao bado hamjajiandikisha lakini mmekuja kusikiliza,

Nawashukuru kwa kuitoa siku yenu ya mapumziko. Naona hapa watu wa mashamba ya maua ya huku kwetu na ya Isinya, watu wa ujenzi, na wengi mnaoamka alfajiri kwenda viwanda vya EPZ kule Athi River. Kazi zenu ni mbalimbali, lakini swali mnaloniletea ni moja: "Sheria mpya za makato zimekuja, mbona mimi bado naitwa kibarua?" Leo nitajibu swali hilo tu.

Kwanza tutazame kilichobadilika. Mwezi wa Februari 2023 viwango vya Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 vilianza kutumika: mfanyakazi hukatwa asilimia 6, naye mwajiri hutoa asilimia 6 nyingine kutoka mfukoni mwake. Machi 2024 ikaja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu: asilimia 1.5 kwa mfanyakazi, na 1.5 kwa mwajiri. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na SHA ikashika mahali pake: asilimia 2.75 ya mshahara, isipungue shs. 300/-, na hiyo hulipwa na mfanyakazi peke yake.

Tufanye hesabu. Mtu wa mshahara wa shs. 15,000/- hukatwa NSSF 900/-, SHA 412/50, na nyumba 225/-. Jumla ni shs. 1,537/50. Mwajiri naye, juu ya mshahara huo, hutoa 900/- na 225/-, yaani shs. 1,125/-. Akiwa na watu 200 wa namna hiyo, ni shs. 225,000/- kila mwezi.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye kishawishi. Mwajiri mwema hulipa, hata akinung'unika. Asiyetaka kulipa huona njia ya mkato: awaite watu wote vibarua, asiwaandike popote, awape fedha mkononi, na mwaka upite. Huyo hamwibii mfanyakazi peke yake. Anamwumiza pia mwajiri jirani anayefuata sheria, kwa maana anauza maua yale yale kwa gharama ndogo zaidi.

Sasa sheria yenyewe inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku, wala haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi wewe unayelipwa kila baada ya wiki mbili, na kesho wanajua utafika, jipime mwenyewe kwa maneno hayo.

Kisha soma kifungu cha 37. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haitazamiwi kumalizika chini ya miezi 3, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Siku moja ya mapumziko baada ya siku sita za kazi huhesabiwa ndani, tena yenye malipo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Jumapili imekata mfululizo wako. Na akifikisha miezi 2 mfululizo, hupata masharti yote ya sheria kana kwamba hakuanza kama kibarua.

Tusidanganyane lakini. Anayeitwa siku mbili kupakua mizigo, kisha akakaa wiki tatu bila kuitwa, huyo ni kibarua kweli. Lakini mama anayekata na kufunga maua kila siku kwa miaka mitatu, je, hiyo ni kazi ya siku moja?

Tuseme mama huyo amepata mimba. Akiitwa kibarua, ataambiwa: "Nenda ukajifungue, ukirudi tutaona kama kuna nafasi." Akihesabiwa kama sheria inavyotaka, ana likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na kazi yake inamngoja. Bwana yake, naye akiwa ameajiriwa, ana wiki 2. Tena ana likizo ya siku 21 kila mwaka, malipo ya siku za ugonjwa, na notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Akishtakiwa kosa la kazi, sharti asikilizwe kwanza, akiwa na mwenzake au wakilishi wa chama kando yake. Haya yote hutegemea neno moja, "kibarua".

Wazee wetu walivaa kipande shingoni. Karatasi ile ilimfunga mfanyakazi: bila sahihi ya mzungu hakuweza kuacha kazi akatafuta nyingine. Leo mambo yamegeuka. Mfanyakazi hufungwa kwa kukosa karatasi. Hana barua ya kazi, hana hati ya mshahara, na akifukuzwa ataulizwa, "Ni nani aliyekuajiri?"

Hata hapo sheria imempa msaada. Kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iandikwe, na wajibu wa kuiandika ni wa mwajiri. Kesi ikifika kortini naye asilete mkataba, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Lakini usimwachie hakimu kazi yote. Fanya haya:

1. Weka daftari. Andika kila siku uliyofanya kazi, na fedha ulizopokea.

2. Tunza ujumbe wa malipo ya M-Pesa na kitambulisho cha kuingilia langoni. Hizo nazo ni karatasi.

3. Ukikatwa, dai hati ya mshahara, kisha hakikisha fedha zimefika. Michango ya SHA na NSSF hutakiwa kupelekwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kwa SHA piga *147# kwenye simu yako. Kukatwa bila fedha kupelekwa ni hatari kuliko kutokatwa, maana utajua ukiwa umefika hospitali na mtoto mgonjwa.

4. Leteni madaftari kwa wakilishi wa chama, naye ayapeleke kwa mwajiri kwanza, na akikataa, kwa Afisa wa Kazi. Msikawie: madai ya kazi yakipita miaka 3, mlango wa korti hufungwa.

Najua mnachoogopa. "Nikisema nitafukuzwa." Sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika au ameingia chama, na korti inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Lakini sitawaambia kwamba kesi ni jambo la wiki moja, wala kwamba anayefukuzwa Ijumaa hula fidia Jumatatu. Ndiyo maana nasema mtu asiende peke yake. Mmoja mwenye daftari huitwa msumbufu. Watu arobaini wenye madaftari arobaini yanayosema jambo moja, hao mwajiri huwaita mezani.

Basi kabla ya kutawanyika, kila mmoja apite kwa karani hapa mbele, aandike tarehe aliyoanza kazi. Tarehe hiyo ndiyo msingi wa madai yetu. Tukizikusanya zote, tutajua vibarua wa kweli ni wangapi, na wafanyakazi walionyimwa jina lao ni wangapi.