Somo la Redio: Kuiongezea Nguvu Injini Ndogo ya Kabureta

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu, maana leo tuna hesabu kidogo. Aliye karibu na redio na aongeze sauti ili wenzetu wa nyuma nao wasikie.

Somo letu la leo ni la injini. Tutaichukua motokaa moja ndogo ya kale ya Kiingereza, iitwayo Mini, tuone jinsi mafundi walivyoiongezea nguvu. Nimeichagua kwa sababu injini yake haina siri: ina silinda 4, plagi, kabureta, na vali zinazosukumwa na fimbo. Mtu akiielewa hiyo, hatapotea akifungua Datsun au Corolla ya zamani.

Mini ilitolewa nchini Uingereza mwezi wa Agosti 1959. Aliyeibuni ni Alec Issigonis. Urefu wake ulikuwa kama meta 3 tu, na injini yake ilikuwa ya cc 848, yenye nguvu za farasi 34. Ilikuwa motokaa ya kwendea kazini na sokoni. Lakini John Cooper, mtengenezaji wa motokaa za mashindano, aliona kwamba inashika barabara vizuri mno, na kwamba inastahili injini bora. Mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper, cc 997, nguvu za farasi 55. Mwaka 1963 ikaja Cooper S, cc 1071, nguvu za farasi 70. Januari 1964 motokaa ya namna hiyo, mwendeshaji akiwa Paddy Hopkirk, ilishinda mashindano ya Monte Carlo. Iliyoshika nafasi ya pili ilikuwa Ford Falcon ya Marekani, yenye silinda 8.

Sasa tazameni hesabu hizo. Kutoka cc 848 hadi cc 1071, injini imeongezeka ukubwa kwa kama robo tu. Lakini kutoka nguvu 34 hadi 70, nguvu zimezidi mara mbili. Je, nguvu hizo nyingine zimetoka wapi?

Zimetoka katika pumzi. Injini hula petroli na hewa pamoja, na kwa kila kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Kuongeza petroli ni rahisi, hata mtoto anaweza. Kuongeza hewa ndiyo kazi. Hewa iingie kwa wingi, ishindiliwe sana, moshi utoke upesi, na injini iweze kuzunguka mbio bila kuvunjika. Fundi wa nguvu hufanya hayo manne.

Lakini kabla ya kufungua nati hata moja ya injini, fungueni magurudumu mtazame breki. Motokaa ikienda kilomita 80 kwa saa, huhitaji mara 4 ya nafasi ya kusimamia kuliko ikienda kilomita 40. Si mara 2, ni mara 4. Wenye kiwanda walijua hayo, ndiyo maana Mini Cooper ya 1961 ilipewa breki za diski mbele, na Mini ya kawaida ilikuwa na ngoma tupu. Mtu anayetia injini ya nguvu juu ya breki za zamani anacheza na roho za watu walioko barabarani, nao hawakuulizwa.

Haya, twende kwenye hedi. Hedi ni kile kipande cha chuma kinachofunika silinda kwa juu. Ndani yake mna vali, na njia za hewa na za moshi. Hedi ya Mini ina ila ya kuzaliwa nayo. Silinda ni 4, lakini njia za kuingizia hewa ni 2 tu. Silinda ya 1 na ya 2 hutumia njia moja, ya 3 na ya 4 hutumia nyingine. Nazo silinda huwaka kwa zamu hii, andikeni: 1, 3, 4, 2. Mkiizungusha zamu hiyo mtaona kwamba baada ya 2 huja 1, na baada ya 3 huja 4. Yaani wale wa mlango mmoja hufuatana. Mmoja hajamaliza kunywa, mwenzake keshatia mdomo katika kata ile ile. Kwa hiyo hawapati sawasawa.

Ila hiyo haiondoki, lakini hupunguzwa. Fundi huzilainisha njia za hewa, huondoa matuta yaliyoachwa kiwandani, na huhakikisha kwamba tundu la gasketi, tundu la bomba na tundu la hedi yanalingana. Ukingo mdogo uliojitokeza huizuia hewa kama jiwe mferejini. Wengine hudhani kwamba tundu likizidi upana ndiyo nguvu zaidi. Sivyo. Tundu pana kupita kiasi huifanya hewa itambae badala ya kukimbia. Tena nyuma ya ukuta huo kuna maji. Ukiutoboa, hedi imekwenda.

Jambo jingine la hedi ni viti vya vali. Zamani petroli ilitiwa risasi, na risasi hiyo ilikinga viti vya vali visiliwe. Ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa katika petroli kufikia mwanzo wa 2006. Basi hedi ya kale ikiwa mezani, na itiwe viti vigumu kwa vali za moshi.

Sasa hesabu. Kompresheni ni kipimo cha jinsi hewa inavyoshindiliwa. Silinda moja ya injini ya cc 848 huchukua cc 212. Pistoni ikifika juu kabisa, hubaki chumba kidogo cha moto, tuseme cc 29. Jumlisheni 212 na 29, mpate 241. Gawanyeni kwa 29. Jibu ni 8.3. Hiyo ndiyo kompresheni ya Mini ya kwanza. Sasa fundi wa mashine akiukwangua uso wa hedi hadi chumba kibaki cc 25, jumla ni 237. Gawanyeni kwa 25, mtapata karibu 9.5. Vyumba vyote 4 vipimwe kwa bomba la sindano lenye mafuta, viwe sawa.

Kwa motokaa ya kila siku, mimi nisingepita hapo. Hewa ikishindiliwa kuliko petroli inavyoweza kustahimili, mchanganyiko hulipuka nje ya zamu. Mtasikia sauti kama kokoto katika kopo. Anayeendelea kukanyaga mafuta huku akisikia sauti hiyo atatoboa pistoni.

Kamshafti nitaipitia upesi. Ndiyo inayoamua vali zifunguke lini na kwa muda gani. Ile ya mashindano huzifungua kwa muda mrefu, na injini hupata nguvu inapozunguka mbio sana. Lakini mjini, katika foleni, injini hiyo hutetemeka na kuzimika. Chagueni ya kiasi.

Tumefika kwenye kabureta, ambako wengi hutaka kuanzia, kwa kuwa inaonekana na ina sauti nzuri. Mini Cooper ilikuwa na kabureta 2 za namna ya SU. Ndani ya SU mna pistoni ndogo inayopanda yenyewe kadiri injini inavyovuta hewa. Chini yake imening'inia sindano iliyochongoka, nayo imeingia katika tundu la petroli. Pistoni ikipanda, sindano hupanda, na petroli hupita zaidi. Ni mtambo mdogo wenye akili, na hurekebishwa kwa masikio.

Sikilizeni namna yake. Injini ipate moto kwanza. Hakikisheni kabureta zote mbili zinavuta hewa sawa: shikeni kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, msikilize mvumo wa hii na wa ile. Kisha inueni pistoni ya kabureta moja kidogo sana, isizidi milimita 1. Mwendo wa injini ukiongezeka na kubaki hivyo, petroli imezidi. Injini ikilegea na kutaka kuzimika, petroli ni haba. Ikiongezeka kidogo kisha ikatulia, hapo ni sawa. Fanyeni vivyo hivyo kwa ya pili. Halafu endesheni, mfungue plagi. Plagi nyeusi yenye masizi ina petroli nyingi. Nyeupe kama chokaa ina petroli haba, na hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani injini yenye njaa ya petroli huwaka kwa joto kali. Tunataka rangi ya kahawia.

Oili nayo isisahauliwe. Katika Mini, giaboksi imekaa chini ya injini, na vyote viwili hutumia oili ile ile. Meno ya gia huichosha oili upesi, na oili iliyochoka hula beringi. Fedha za bomba la moshi lenye kelele afadhali zinunue oili. Kelele si nguvu, ingawa majirani wanaweza kudhani hivyo.

Zoezi la wiki hii, liandikeni. Injini nyingine ina silinda za cc 250 kila moja, na chumba cha moto cha cc 35. Je, kompresheni yake ni ngapi? Na ili ifike 9.4 hivi, chumba kipunguzwe kwa cc ngapi? Mwalimu wenu atasahihisha kabla ya kipindi kijacho, ambacho kitakuwa cha plagi na waya zake. Kwaherini.